Annis Birtwistle na Panda ya Vijito

Annis alipoanza shule, darasani mwao walikuwamo Birtwistle watatu, na hapakuwa na mtu aliyeweza kueleza undugu wao ulikutania wapi. Mwalimu wao, mama mwembamba aliyekuwa akichoka kabla ya saa nne asubuhi, akaona asijisumbue, akawapa namba. Annis alikuwa mdogo kuliko wenzake kwa miezi miwili, basi akawa Birtwistle wa Tatu, na jina hilo likamganda mpaka akaacha shule.

Hakulichukia wala hakulipenda. Pale Padiham, katika Lancashire, jina hilo lilikuwa kama unyevu ukutani: lipo tu, na nani atauliza limetoka wapi? Lilikuwa limeandikwa juu ya bucha, na juu ya mlango wa fundi viatu. Lilikuwa limechongwa kwenye mnara wa mashujaa, mstari chini ya mstari. Ungesimama sokoni ukaita "Bwana Birtwistle," wangegeuka wanaume wanne, na wa tano angekuwa kiziwi.

Uziwi ulitoka viwandani. Annis aliingia kiwanda cha nguo akiwa na miaka kumi na mitano, akapewa mitambo minne ya kufumia aiangalie, na siku ya kwanza alidhani dari linaanguka. Kelele ile haikuwa ya kusikika tu. Ilipanda kutoka sakafuni ikaingia kwenye meno. Ndani yake wanawake walizungumza bila sauti, kwa midomo. Walilikunjua kila neno wakalitandaza usoni kama shuka kwenye kamba, na mwenzao aliye upande wa pili wa ukumbi akalisoma na kucheka. Mwaka haukuisha kabla Annis hajaijua lugha hiyo. Jioni alipotoka, kimya cha mtaani kilimzunguka kama maji, naye akatembea ndani yake polepole, akitazama midomo ya watu ikifunguka na kufungika nyuma ya madirisha.

Ndivyo alivyokuwa: msichana mrefu, nywele rangi ya chai, mwendo wa mtu ambaye usingizi haujamwisha. Mama yake alisema mtoto huyu siku moja atagongwa na gari la maziwa.

Hakugongwa. Lakini mwaka aliotimiza kumi na minane alikuja fundi mmoja kutoka Skotlandi kufunga mitambo mipya. Akakaa majira yote ya joto, akaondoka mwezi wa tisa akiahidi kuandika. Barua haikuja. Kilichokuja, wiki chache kabla ya Krismasi, ni mama yake kumtazama Annis aliyesimama mbele ya beseni la kunawia, kisha kuketi kwenye ngazi.

Siku zile mambo kama hayo yalikuwa na njia yake. Mchungaji aliandika barua mahali, na Annis akapelekwa safari ya treni tatu mpaka pwani ya mashariki, kwenye nyumba ya akina mama wa dini ambako wasichana kama kumi walipiga deki, walifua mashuka, na walingoja. Majirani waliambiwa ameenda kumwuguza shangazi. Majirani wakasema maskini shangazi, na wakajua kila kitu.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tatu, siku ya upepo mkali, wa kiume. Baada ya siku kumi Annis alimfunga kwenye shali akaenda naye kwa msajili wa vizazi, mzee mwenye doa la wino kwenye kidole. Mzee akauliza jina la mtoto. Annis akasema Amos. Akauliza jina la ukoo. Annis akasema Birtwistle, na mzee akainua uso.

"Jina gani hilo? Nitajie herufi, binti. Huku hatuna watu wa jina hilo."

Annis akataja moja baada ya nyingine, polepole, na kalamu ikamfuata. Hakuwa amewahi kuulizwa. Kwa mara ya kwanza alilisikia jina lake kama kitu kilicho nje yake, kama mtu anayepita barabarani akiimba na wewe uko ndani. Pale palipotakiwa jina la baba, mzee alipiga mstari mmoja ulionyooka, akakausha wino.

Alikaa na mtoto wiki sita. Baadaye maishani mwake alizikumbuka wiki hizo bila mpangilio, kama mtu anavyokumbuka homa: mwanga mweupe wa bahari darini, harufu ya maziwa, ngumi ndogo iliyokamata kidole chake hata usingizini. Kisha asubuhi moja mama mmoja mwenye kofia na glavu nzuri akamchukua mtoto kutoka mikononi mwake. Alimchukua kwa upole, hilo Annis alilikiri daima. Annis akaambiwa arudi kwao, asahau, yeye bado kijana.

Aliyesema jingine ni mpishi wa nyumba ile, kizee mmoja aitwaye Bi Tuddenham, waliyekuwa wakimenya naye viazi.

"Watampa jina jingine, usijidanganye," alisema bila kuinua macho. "Lakini lile la kwanza halifutiki. Liko kwenye daftari la serikali. Akija kukua na kichwa kigumu kama chako, atalitafuta."

"Basi mimi nisilipoteze," Annis alisema.

"Usilipoteze, mwanangu. Haya, maliza viazi."

Akarudi Padiham, akarudi kwenye mitambo yake minne. Baba yake hakuligusa jambo lile hata kwa kijiti. Mama yake alimpikia supu ya matumbo ya ng'ombe kila Alhamisi, maana Annis aliipenda, na hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake.

Alipokuwa na miaka ishirini na sita, akatokea Harold Rushton. Harold alikuwa kondakta wa basi la Burnley, mnene kidogo, mcheshi, mtu wa kumpandisha bibi kizee kwa mkono kama anampandisha kwenye gari la harusi. Alimpenda Annis kwa sababu hakuwa na haraka. Jumapili walitembea kando ya mto Calder, Harold akizungumza, Annis akimtazama midomo, na yeye akidhani anatazamwa kwa mahaba. Alikuwa akitazamwa kwa mahaba pia. Mwezi wa tano, juu ya kilima, akamwomba amwoe.

"Nakubali," Annis alisema, "ila nibaki na jina langu."

Harold akacheka, akidhani ni mzaha. "Jina lipi?"

"Birtwistle."

"Annis wangu, hilo jina liko hadi kwenye pipa la taka la jirani yangu. La nini?"

"Nalitaka tu, Harold."

"Na watoto waitweje? Na watu waseme tunaishi kinyumba? Mama yangu atalala asiamke."

Annis alitaka kumwambia. Alifungua kinywa, na sauti haikuja. Midomo tu ndiyo iliyosogea, taratibu, kila neno likiwa zima, mtoto, na bahari, na daftari, na mstari wa wino. Mwanamke yeyote wa kiwandani angelisoma yote kutoka ng'ambo ya bonde. Lakini Harold alikuwa mtu wa mabasi. Aliona mpenzi wake anatetemeka mdomo, akadhani ni baridi, akamvika koti lake.

Alimwomba tena mwezi wa tisa, na jibu likawa lile lile. Mwaka uliofuata akaoa msichana wa Nelson. Hakuwa na kinyongo; Annis akipanda basi lake, alimkatia tiketi na kumuuliza habari za mama yake. Aliyekasirika ni Mavis Pilling, rafiki yake Annis, aliyeangalia mitambo iliyopakana na yake.

"Umemwacha mwanamume mzima kwa ajili ya jina," Mavis alimwambia kwa midomo, juu ya kelele yote ile. "Jina lenyewe limeota mji mzima kama uyoga. Ungesubiri mvua, ungeokota jingine."

Annis akamjibu kuwa uzi umekatika kwenye mtambo wake, aangalie kazi yake.

Miaka ikapita kama inavyopita pale, moshi ukipungua juu ya mabomba kadiri viwanda vilivyofungwa kimoja baada ya kingine. Baba akafa, kisha mama. Nyumba yao ya zamani ikabomolewa pamoja na mtaa mzima, na Annis akapata nyumba ndogo kwenye mteremko na kazi jikoni katika shule. Masikio yake yalikuwa yamekwisha kuwa mazito. Aliusikia ulimwengu kama kwa nyuma ya mlango. Hilo halikumsumbua. Lilimwachia nafasi.

Katika nafasi hiyo aliota, mara nyingine macho yakiwa wazi, mwiko mkononi. Ndoto yenyewe ilikuwa moja. Mtoto amesimama ng'ambo ya maji, mara wa miaka mitatu, mara wa kumi, mara kijana mwenye ndevu za kwanza, maana kila mwaka Annis alimwongezea umri wake sawasawa. Anamwita, sauti haitoki. Anatumia midomo, kama kiwandani. Na mtoto, ingawa hakufundishwa na mtu, anaelewa, anaitikia kwa kichwa. Hapo ndoto huishia, na wali wa maziwa wa watoto wa shule huanza kushika chini ya sufuria.

Mwaka 1976, siku moja ya vuli, Mavis alikuja na gazeti. Akaliweka mezani likiwa limekunjwa kwenye ukurasa fulani, akaanza kusimulia habari za magoti yake, akasimulia nusu saa, akaondoka, gazeti akaliacha. Annis akasoma. Sheria ilikuwa imebadilishwa. Mtu aliyepewa wazazi wengine utotoni, akishatimiza miaka kumi na minane, sasa aliruhusiwa kuomba cheti chake cha kwanza cha kuzaliwa na kuona jina lililoandikwa pale.

Hapo ndipo Annis alipojua kuwa Mavis alijua, na kwamba amejua kwa miaka ishirini na sita. Wala hawakuwahi kulizungumza.

Wiki ile ile aliomba afungiwe simu, yeye ambaye asingeweza kuisikia. Alitaka kuwamo kwenye kitabu cha simu. Binti wa ofisini akamwambia ataandikwa herufi ya kwanza na jina la ukoo, kama watu wote. Annis akaomba jina lake liandikwe zima. Binti akasema kwa upole kwamba herufi inatosha, mama, nani asiyejua A ni nani? Kitabu kilipotoka Annis alikifungua jikoni kwake. Birtwistle walijaza safu na kuingia safu ya pili. Wenye A peke yao walikuwa kumi na mmoja. Alikaa akiwatazama. Miaka yote alidhani anashikilia taa, kumbe alikuwa amesimama nayo katikati ya taa nyingine elfu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, ukungu umeshuka mpaka kwenye vizingiti, Mavis alipokuja tena, safari hii bila kugonga.

"Kuna kijana mjini," alisema, akihakikisha Annis anamwona mdomo. "Mrefu. Koti la mvua la watu wa shamba. Anatafuta A. Birtwistle. Amegonga kwa Arthur, amegonga kwa Albert. Kwa Agnes kapewa keki na habari za kibofu cha nyongo, saa nzima. Hasemi shida yake, anasema ni jambo la ukoo."

"Yuko wapi sasa?"

"Mimi nimeyasikia buchani. Yuko huko huko kwenye ukungu."

Annis akasimama. Alikuwa amejiandaa kwa siku hii miaka ishirini na saba kasoro mwezi, na alichoweza kufanya ni kuweka birika jikoni. Maji yakachemka, akayaangalia yanavyochemka. Kisha akatoka na viatu vya ndani, bila koti, bila kufunga mlango.

Baadaye hakuweza kusema alipita mitaa ipi. Ukungu ulikuwa umeondoa kila kitu ila vitasa vya milango. Aliona mtu mrefu akaharakisha, akawa ni nguzo ya taa. Aliona koti, akawa ni mchungaji. Alifika mpaka darajani, akasimama juu ya mto asiouona, na alihisi kwa ghafla utulivu mkubwa, kana kwamba yuko ndani ya ndoto yake na amesimama upande wake wa maji kama kawaida, na halimpasi jambo lolote zaidi. Viatu vilikuwa vimelowa. Akarudi nyumbani.

Na wakati huo ndipo kijana alipokuwa amegonga mlango wake, nyumba namba kumi na sita mtaani, ya mwisho katika orodha yake. Aligonga, akangoja, akachungulia, akaona birika linatoa mvuke na hakuna mtu. Alikuwa ameonywa na mama mmoja wa ofisi ya ustawi asitaje jina zima la mama yake mbele za watu, asije akamharibia maisha aliyojijengea. Na kuingia nyumba ya mtu hakuthubutu. Akashuka mteremko, akapanda basi la Burnley liende likamwunganishe na treni.

Dereva wa basi lile alikuwa Harold Rushton. Siku hizo makondakta walikuwa wameondolewa, akawa anaendesha na kukata tiketi mwenyewe. Alimtazama kijana akipanda, nywele rangi ya chai zimelowa ukungu, anaweka mguu kwenye ngazi kama mtu ambaye usingizi haujamwisha. Akamuuliza amempata aliyemtafuta, maana habari zilikuwa zimemfikia na yeye. Kijana akasema hapana, nyumba ya mwisho hawakuwapo. Harold akauliza nyumba ipi. Akaambiwa. Kisha, mbele ya abiria kumi na wawili, akazima injini, akachukua ufunguo, akawaambia wasubiri au watembee, vyovyote wapendavyo.

Annis alikuwa ameketi jikoni akivua soksi zilizolowa kivuli kilipoanguka sakafuni. Harold alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

"Annis," alisema, akitamka vizuri, "nimekuletea abiria."

Akasogea pembeni. Alimtazama kijana, akamtazama mwanamke, na uso wake mnene ukafanya kitu ambacho Annis hakuwahi kukiona.

"Ungeniambia tu," Harold akasema. "Mimi ningeelewa, Annis. Polepole, lakini ningeelewa." Akavaa kofia, akarudi kwenye basi lake, ambako watu walikuwa wameanza kupiga honi.

Kijana akabaki amesimama. Alikuwa na sauti ya chini, ya watu wa nchi tambarare, na Annis hakusikia hata neno. Lakini alimtazama mdomo, na mdomo ule aliujua.

"Samahani kwa kukusumbua," alisema. "Naitwa Graham Peachey. Kabla ya hapo, kwa wiki sita, niliitwa Amos."

"Najua," Annis akasema. "Kaa. Chai ipo."

Wala hawakukumbatiana siku ile. Walikunywa chai, mikono yote minne ikiwa mezani, na kila mmoja akaitazama ya mwenzake. Graham akamweleza kwamba alikulia Wisbech, kwenye nchi ya mashamba ya matunda na mifereji iliyonyooka kama rula, na kwamba kazi yake ni kupima maji ya mifereji hiyo. Baba Peachey alikuwa amefariki. Mama Peachey yu hai, ni mwema, na ndiye aliyemwambia aende. Akamweleza namna alivyofungua kitabu cha simu cha kwao asipate Birtwistle hata mmoja, hata mmoja tu, akafurahi, akaona kazi itakuwa rahisi: jina la ajabu kama hilo haliwezi kuwa na watu wengi duniani. Kisha akashuka kwenye basi Padiham, na kitu cha kwanza alichokiona ni bucha. Halafu fundi viatu. Halafu mnara. Alikaa kwenye ngazi za mnara, alisema, akacheka mpaka mama mmoja akamuuliza kama anaumwa.

"Unajua maana yake?" alimuuliza.

"Maana ya nini?"

"Ya Birtwistle."

"Ni jina tu, mwanangu," Annis akasema, na neno hilo la mwisho lilimtoka kabla hajaliona likija.

Graham akainamisha kichwa kidogo, kisha akaendelea. Alipopata cheti, alisema, hakuwa na kitu kingine cha kushika ila jina. Akaenda maktaba kuliuliza lenyewe. Ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale. La kwanza ni kinda la ndege. La pili ni panda, pale vijito viwili vinapokutana. Palikuwa na mahali pa jina hilo, huko juu ya Hapton, mwendo wa asubuhi moja kutoka jikoni humu. Watu wakatoka pale zamani sana, wakatawanyika, na kila walipoulizwa wewe wa wapi, wakajibu. Mahali penyewe hapakubaki. Watu wakabaki na jibu.

Annis akaweka kikombe chini. Miaka arobaini na sita ameitwa hivyo, na hakuna aliyewahi kumwambia. Ilibidi jibu lije kwa treni, kutoka kwa yule aliyenyang'anywa jina lenyewe.

"Panda ya makinda," akasema taratibu. Kisha akalia, na Graham akazunguka meza.

Mwezi wa tano akarudi na ramani za kazini kwake, wakaenda kupatafuta. Asubuhi ile ukungu mwembamba ulikuwa umelala juu ya majani, na vilima vilielea juu yake bila miguu. Walipofika kwenye shamba la mwisho, mama mwenye shamba alitoka na ndoo, akawasikiliza, akatikisa kichwa.

"Ninyi akina Birtwistle bwana," alisema. "Mwaka jana alikuja mwenzenu kutoka Kanada, na kamera. Nikamwambia apige picha kondoo, ndio wenyeji." Hata hivyo akawaonyesha njia kwa kidevu.

Hapakuwa na kitu. Kulikuwa na nyasi zenye mabonde madogo ambayo huenda yalikuwa sakafu za nyumba, na huenda yalikuwa mabonde tu. Lakini vijito vilikuwapo viwili, vyembamba, rangi ya chai isiyo na maziwa, kimoja kikitoka kwenye miti na kingine kwenye mawe, vikikutana bila kelele yoyote aliyoweza kuisikia. Ndege mmoja mdogo wa mtoni akaruka kutoka kwenye tundu la ukingo. Graham akapiga magoti, akamwita Annis kwa mkono. Ndani mlikuwa na vichwa vinne visivyo na manyoya, na midomo minne ya manjano iliyofunguka kupita kiasi.

"Wana njaa," Annis akasema. "Tuondoke mama yao arudi."

Wakakaa mbali kidogo juu ya koti la mvua, wakala mkate na jibini. Hapo Annis akamsimulia wiki sita zile, zote, mpaka rangi ya shali. Alipomaliza, Graham aling'oa jani akalikunja na kulikunjua. Akasema kuna jambo alitaka Annis alijue kutoka kinywani mwake, si kwa barua. Hatabadilisha jina lake. Amekuwa Peachey tangu hajajua kuongea, na mama Peachey asingestahili hilo. Alikuwa ameambiwa na Mavis habari za Harold, alisema, na tangu hapo halali vizuri.

Annis aliona jinsi alivyoogopa. Alitazama ndani ya moyo wake kama anayetazama kabatini, akitarajia kukuta uchungu pale, na hakuukuta.

"Nani kakuambia ubadilishe?" akasema. "Mimi nililishika upate njia. Umefika. Kula mkate."

Jua lilikuwa limepanda na ukungu ukaanza kupasuka. Akajilaza kwenye nyasi, akafumba macho, akalala usingizi wa kweli, pale pale mchana kweupe, na mwanawe akakaa kando akimfukuzia nzi kwa ramani.

Mwaka 1981 Annis aliolewa na Tom Sagar, mjane wa mtaa wa chini aliyelima vitunguu vikubwa kama kichwa cha mtoto. Msajili alipomsogezea daftari, alitia sahihi yake ya zamani kwa mara ya mwisho bila kusita, akamuuliza Tom kama mlango wa nyuma ameufunga. Mavis, aliyekuwa shahidi, alisema alingoja miaka ishirini na nne kuliona hilo, na kwamba laiti Annis angemwambia shida ni herufi tu, angemtafutia mume mwenye jina fupi mapema. Annis akasema Sagar ni zuri, linaenea kwenye bahasha.

Kila mwezi wa sita, stroberi zinapoiva, alipanda treni mpaka Peterborough, na Graham akampokea kwa gari. Bibi Peachey alimpa chumba cha mbele. Asubuhi wanawake wawili walikaa nyuma ya nyumba, beseni katikati yao, wakitoa vikonyo vya stroberi. Anga kule ni kubwa kuliko nchi. Hawakuzungumza sana, mmoja hakusikia, mwingine hakuwa msemaji. Mikono ilikuwa myekundu mpaka viwiko, nyuki walizunguka, jua likaja likawakalia mabegani, na kabla ya saa sita mmoja wao alikuwa amesinzia, na mwingine akalisogeza beseni upande wake, akaendelea.